Santuri Iliyoyumba

Mzee Alpheus Clacken hakuwa akila uji wake mpaka msichana wa Jamaika aimbe. Hiyo ndiyo ilikuwa desturi ya nyumba. Verona, binti yake, aliuweka uji wa mahindi kwenye meza ndogo, akaukunia kungumanga, akamfunga baba yake kitambaa shingoni, kisha akaenda dirishani kwenye mashine ya santuri na kushusha sindano. Kwanza ulitoka mkwaruzo, kama mtu anayekaanga kitu chumba cha pili. Halafu besi. Halafu msichana. Hapo ndipo mzee alipofungua mdomo.

"Sikiliza," alisema kila siku, uji ukimshuka kidevuni. "Hiyo ndiyo sauti. Hapa Birmingham hawawezi kuzaa kitu kama hicho. Baridi inawakaza koo."

"Ndiyo, Baba," alijibu Verona, akamfuta.

Alikuwa ameisema hiyo ndiyo kwa muda mrefu mpaka imemwishia utamu mdomoni, kama bazoka iliyotafunwa tangu asubuhi. Kwa maana msichana yule wa Jamaika alikuwa ni yeye mwenyewe.

Mambo yalianzia mwaka sabini na saba, Verona akiwa na miaka kumi na saba. Vijana wanne wa barabara ya Wattville, pale Handsworth, mtaa wa Birmingham, walikuwa wakipiga rege kwenye ghala la makaa chini ya nyumba ya shangazi yake Lascelles Tulloch. Lascelles ndiye aliyepiga besi na ndiye aliyekuwa mkubwa wao. Bendi waliiita Wattville, jina la barabara, kwa kuwa kila jina walilolitaja lilizua ugomvi. Verona aliwaimbia. Nyumbani aliaga kwamba anakwenda kujifunza kupiga chapa.

Walikuwa wanapiga vizuri. Shida haikuwa hiyo. Shida ilikuwa kwamba hapo Handsworth hakuna aliyetaka rege ya Handsworth. Wenye maspika, wale wanaume waliokuwa wakibeba masanduku makubwa kama makabati na kuyapanga kwenye kumbi za dansi, walikuwa wakipokea santuri yako, wanaigeuza kutafuta imetoka wapi, na wakiona imeandikwa Birmingham wanakurudishia kwa vidole viwili kama nepi.

"Rege inatoka kwetu," walisema. "Nyinyi mmezaliwa hospitali ya Dudley Road, mtaimba nini? Mtaimba foleni ya basi?"

Vijana walichoka kurudishiwa. Ndipo Orville Pinnock, aliyekuwa na duka la santuri na samaki wa chumvi, akawapa akili. Santuri za Jamaika, alisema, zinajulikana kwa mambo mawili. Zina tundu kubwa katikati, linaingia yai. Na hazina maneno mengi. "Msiandike Wattville. Msiandike Birmingham. Andikeni kwa mkono: Pearl, Kingston. Na hilo tundu likateni wenyewe. Mengine niachieni."

Kiwanda kiliwaletea santuri mia tano zenye tundu dogo la Kiingereza. Zilitakiwa kutobolewa moja moja na kulainishwa kwa tupa. Lascelles alikuwa na keekee ya kutobolea, ya kuazima, lakini tupa hakuwa nayo. Verona ndiye aliyeitoa, kwenye sanduku la vifaa la baba yake.

Baba yake alikuwa fundi wa vyuma Smethwick, na tupa hiyo haikuwa tupa tu. Ilikuwa na mgongo wa duara, na mpini wake alikuwa ameuchonga kwa mti wa mpera alioukata uani kwa mama yake, Clarendon kule Jamaika, wiki moja kabla ya kupanda meli. Jino moja karibu na ncha lilikuwa limevunjika. Hakuibadilisha. Alisema anaujua upungufu wake kama anavyoujua wake mwenyewe.

Kwa siku tatu walikata mle ghalani, vumbi jeusi la santuri na vumbi jeusi la makaa likichanganyika mpaka wakawa wanatema wino. Lascelles alikuwa na vidole vya besi, hakuwa na vidole vya ufundi. Tundu lilikwenda pembeni, unywele mmoja tu. Walipoipiga ya kwanza, moyo ukawashuka. Wimbo ulikuwa unayumba. Sauti ya Verona, iliyokuwa imenyooka siku ya kurekodi, sasa ilipanda kidogo, ikashuka kidogo, kama mtu aliyekaa kwenye bembea akilia.

Wakampelekea Orville wakiwa tayari kuaibika. Orville alisikiliza akiwa amefumba macho mpaka mwisho.

"Msiguse," alisema. "Hivi hivi ndivyo zinavyokuja kutoka kule. Mashine zao mbovu. Mmepatia kwa kukosea."

Baada ya wiki mbili hapakuwa na dansi kuanzia Handsworth mpaka Wolverhampton isiyopiga "Usifunge Lango". Watu waliulizana Pearl ni nani. Wengine walisema wanamfahamu mama yake.

Na Jumamosi moja, mzee Alpheus, ambaye wakati huo hakuwa mzee, alirudi kutoka dukani kwa Orville akiwa na samaki kwapa hili na santuri kwapa lile. Aliita nyumba nzima. "Njooni mumsikie mtoto wa kwetu." Verona alisimama mlangoni na kiazi mkononi, nusu kimemenywa, akamwona baba yake anatokwa na machozi kwa sauti yake. Alikuwa hajawahi kumwona akilia, hata siku ya barua ya msiba wa mama yake.

Angeweza kusema pale pale. Hata ulimi aliuinua. Lakini juma lile lile baba yake alikuwa amefungua sanduku akakuta tupa haipo, na mtu mmoja tu ndiye aliyekuwa ameingia bandani lilimokaa sanduku: Wilbert Dacres.

Wilbert na Alpheus walikuja meli moja. Walipofika walipanga chumba kimoja chenye kitanda kimoja, mmoja akifanya kazi mchana, mwingine usiku, kitanda hakipoi. Watu kama hao hawaibiani. Lakini tupa ilikuwa haipo, na Lascelles aliitafuta kwenye makaa asiione, na Jumapili, kwenye ngazi za kanisa, Alpheus akamwita Wilbert mwizi mbele ya mkewe. Wilbert alivaa kofia yake ya kijivu, akamshika mkewe mkono, akaondoka. Hakukaa tena kwenye meza ya nyumba ile. Alipokufa, miaka kumi na minne baadaye, Alpheus alikwenda mpaka geti la makaburi, akasimama hapo na koti lake zuri, akarudi nyumbani.

Kwa hiyo kusema moja ilikuwa ni kusema mawili. Verona alinyamaza.

Bendi nayo ilikwenda. Kampuni ya London ilikuja ikawachukua, ikawaingiza studio yenye zulia mpaka ukutani, wakaurudia ule wimbo kwa jina lao, safi. Handsworth wakasema unafanana fanana na ule wa Pearl, ila umenyooka kama rula. Watu wengine wasiojua waliununua, na hao ndio waliokuwa wengi. Zikaja televisheni, zikaja Ujerumani na Uholanzi, yakaja makoti yenye mabega mapana. Ikaja mashine ya kupiga ngoma, mpiga ngoma akaenda kuendesha basi. Verona alisogezwa kutoka mbele hadi mstari wa pili, akapewa wasichana wawili wa London wa kusimama nao, wamevaa sare. Mmoja wa wale wanne aliokoka, mmoja alikufa, mmoja yuko Kanada na hapokei simu. Mama yake Verona alipougua, Verona alitoka akabaki nyumbani, na alipomaliza kumuuguza mama ikawa zamu ya baba. Leo Wattville ni Lascelles na watu watano ambao angeweza kuwazaa, wanaopiga kwenye hoteli za pwani kwa watu waliokuja na viti vyao vya kukunja.

Mara moja tu alijaribu kusema. Ilikuwa mwaka themanini na tatu, jikoni, baada ya baba yake kumwona kwenye televisheni. Alisema, "Baba, yule Pearl ni mimi." Baba yake alicheka mpaka akavua miwani.

"Wewe? Wewe unaimba kama mtu anayesoma barua ya serikali. Sauti yako imenyooka, mwanangu, sikulaumu, umezaliwa huku. Ya yule mtoto inayumba. Na kuyumba hakufundishwi."

Jibu alikuwa nalo. Lakini jibu lilikuwa na mpini wa mpera.

Basi ikawa Alhamisi. Jumatano muuguzi alikuwa amekuja, akampima mzee, kisha akamvuta Verona mpaka kwenye korido na kumwambia waache sasa kuhesabu miezi, wahesabu majuma. Verona alimshukuru, akafunga mlango, akafua mashuka. Asubuhi ya pili, sindano ikiwa ndiyo imeinuliwa na uji haujafika nusu, kengele ililia. Alikuwa Lascelles, mvi zake zimefungwa nyuma kwa mpira wa kufungia karoti, mkononi mfuko wa plastiki.

"Dada Vero. Unaonekana umechoka."

"Na wewe unaonekana mzee. Pita, usipige kelele, ndiyo kwanza amesinzia."

Wakakaa jikoni. Alimwekea chai na kipande cha mkate mgumu wenye siagi. Lascelles hakuutafuna, aliuchovya, maana meno ya upande mmoja hayakuwepo tena.

"Kuna watu wanataka kuitoa upya ile santuri," alisema. "Ya mwanzo, siyo ya London. Wamesikia habari zake, wanaitafuta dunia nzima. Wataisafisha kwa kompyuta, watatoa kuyumba kote. Na safari hii wanataka jina. Kesho napeleka karatasi. Niandike nani?"

"Andika Pearl."

"Pearl hajawahi kuishi, Vero."

"Ameishi chumba hicho hapo miaka arobaini na miwili. Amekula na sisi Krismasi zote. Mimi ndiye sijaishi."

Lascelles alichovya mkate. "Mzee hajui mpaka leo?"

"Nilimwambia akacheka."

"Mwambie tena."

"Kwa ushahidi gani? Niimbe? Nina miaka hamsini na tisa, nikipanda ngazi napumua kama pancha. Na hata ningekuwa na sauti ile, sauti ile haikuyumba. Wewe ndiye uliyeyumba."

"Nilikuwa na miaka ishirini na njaa."

"Najua. Sikulaumu."

Lascelles akausogeza ule mfuko mezani. "Shangazi ameuza nyumba. Jana tulikuwa tunasafisha ghala la makaa. Ilikuwa nyuma ya tofali, mle tulipokuwa tunaficha sigara. Nadhani mimi mwenyewe ndiye niliyeitia, nikasahau."

Verona hakuhitaji kufungua. Aliuona mpini kupitia plastiki, mweusi wa makaa. Alikaa akiutazama kama mtu anayetazama ndugu aliyetoka jela.

"Ningeitupa," Lascelles alisema. "Nikaona siyo yangu kuitupa."

"Ungeitupa," alisema Verona.

Lascelles alipoondoka aliacha na karatasi, ina mstari mmoja mtupu pale penye jina la mwimbaji. Verona aliosha kikombe. Akakiosha tena. Alifikiri: akifa bila kujua, atakufa anampenda binti wa mtu mwingine kwa sauti yangu. Akijua, atakufa anajua alimdhulumu Wilbert. Alitafuta njia ya tatu, kwa sababu kila mtu hutafuta, akaona hakuna. Na alikuwa amechoka. Si uchovu wa siku ile. Ni uchovu wa kushika mlango usifunguke miaka arobaini na miwili, mpaka mkono umesahau kazi nyingine.

Akauchukua mfuko akaingia chumbani. Mzee alikuwa macho.

"Nani alikuja?"

"Lascelles."

"Yule anayepiga besi kama karani? Bado hajapata kazi?"

"Bado, Baba. Ameleta karatasi, kuna watu wanataka jina la mwimbaji wa santuri hii." Akaitoa santuri kwenye mashine, akaliondoa lile duara la plastiki linaloziba tundu, akaketi ukingoni mwa kitanda. "Nipe mkono. Nataka ushike kitu."

Aliuchukua ule mkono mkubwa mkavu, akaliweka dole gumba ndani ya tundu la santuri.

"Wewe ni fundi. Niambie tundu hili limekatwaje."

Mzee alikunja uso. Kwa miaka yote aliishika santuri hiyo kwa kingo, kwa heshima, kama watu wanavyoshika picha. Tundu hakuwa na haja nalo. Sasa ukucha wake ulizunguka polepole mara moja, kisha mara ya pili.

"Limekatwa na mpumbavu," alisema. "Limekwenda pembeni. Nimeuona mkono wa mashine ukiyumba miaka yote, nikasema ndivyo zinavyotoka kule, sitaki kuchokonoa kitu cha nyumbani. Lakini hili si la mashine. Hili ni la mkono. Ni la tupa." Ukucha ukasimama. Ukarudi nyuma. "Tupa ya mgongo. Ina jino…"

Verona aliiweka tupa kwenye blanketi, karibu na mkono wake mwingine, akausukuma mpini mpaka ukamgusa kiganja. Vidole vikafunga vyenyewe. Havikuuliza.

"Niliichukua mimi," alisema. "Tulikata santuri kwa Lascelles, kwenye ghala la makaa. Zilitengenezwa hapa hapa. Tulidanganya kuwa ni za Jamaika kwa sababu hamkuwa mnatutaka. Huko kuyumba unakokupenda ni hilo tundu. Anayeimba ni mimi."

Nje basi lilipita kwenda Soho Road, vioo vikatikisika kidogo. Mzee alikuwa anatazama dari.

"Wilbert," alisema.

"Ndiyo, Baba."

"Alikuwa amevaa ile kofia ya kijivu."

"Nakumbuka."

"Na wewe ulikuwa wapi?"

"Nyuma yako. Nilikuwa nimekushikia kitabu cha nyimbo."

Mzee aligeuza uso ukutani. Verona alingoja atukanwe. Akaona basi, ndiyo bei yake, hata nisiposamehewa. Alinyanyuka kuchukua bakuli la uji.

"Unakwenda wapi?"

"Kuosha bakuli."

"Kaa. Kitu kimekwenda pembeni unakiacha hivyo hivyo, halafu unakwenda kuosha bakuli. Nimekulea mimi kweli?" Sauti yake ilikuwa imechakaa, lakini ilikuwa sauti ya kiwandani. "Lete karatasi ya sigara."

"Hakuna anayevuta hapa, Baba."

"Lete bahasha ya hospitali, basi. Ziko nyingi. Chana ukanda, upana wa ukucha."

Akachana. Mzee akamwelekeza: rudisha santuri kwenye mashine, weka lile duara la plastiki, halafu ukanda uingie kati ya duara na ukingo, upande uliolegea. Zungusha kwa kidole. Tazama mkono wa mashine.

"Unayumba?"

"Unayumba."

"Sogeza kuelekea dirishani. Kidogo. Nimesema kidogo, siyo kuhama nyumba. Sasa?"

"Kidogo sana."

"Kunja ukanda mara mbili. Sasa?"

Verona aliinama mpaka jicho likawa sawa na santuri. Mkono wa mashine ulikuwa umetulia juu ya duara jeusi linalozunguka, kama mtu aliyesimama juu ya maji.

"Umetulia."

"Shusha sindano."

Mkwaruzo ukatoka. Besi ikatoka, na kwa mara ya kwanza katika nyumba ile ilisimama mahali pamoja. Kisha msichana akaimba. Hakupanda wala hakushuka. Alikwenda moja kwa moja, mkavu, mwembamba, neno baada ya neno, msichana wa Handsworth aliyezaliwa hospitali ya Dudley Road. Verona alitazama zulia. Alikuwa ameisahau sauti hiyo. Mzee alisikiliza akiwa ameshika tupa kifuani, midomo ikienda bila kutoa kitu, mpaka wimbo ukaisha na sindano ikabaki inakwaruza.

"Huyu mtoto amechoka," alisema.

"Tulikuwa tumeurudia mara kumi na nne. Na nilikuwa sijala."

"Anasoma barua ya serikali."

"Ndiyo, Baba."

Akafikiri. "Ila ni barua ya msiba. Na anaisoma mpaka mwisho, hairuki." Akafumba macho. Verona akadhani amesinzia. "Wakiandika jina, waandike Clacken, wasiandike Clark. Watu huwa wanaandika Clark. Wape herufi moja moja."

"Nitawapa."

"Na tupa hii usiizike nami. Wilbert ana binti yuko West Bromwich. Mpelekee. Mwambie…" Alitafuta, mkono ukipapasa mpini.

"Nitamwambia, Baba."

"Hutajua la kusema."

"Sitajua."

"Basi." Akavuta pumzi, ikaingia nusu. "Rudisha mwanzo."

Uji ulikuwa umeganda. Verona aliinua sindano, akairudisha mwanzo, akakaa ukingoni mwa kitanda. Besi ikaanza.